Simu Iliyokataa Kidole cha Mama Karanja

Kabla hujashika bisibisi, shika mkono wa mwenye simu. Najua mtacheka, ninyi vijana wenye vibanda vya taa za buluu na viti vya kuzunguka. Chekeni mmalize, mimi nangoja. Nimestaafu, sina haraka. Chai yangu iko hapa, mlima uko pale, na leo umejifunika ukungu mpaka puani kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

Mimi nilikuwa fundi Ruring'u, karibu na uwanja wa michezo, kwa miaka mingi hata nyasi za uwanja zilikuwa zikiniamkia. Nilianza na redio, nikamalizia na simu. Simu nilizofungua, ukizipanga moja nyuma ya nyingine, zingefika kileleni mwa mlima na kurudi, na bado zingebaki za kuegemezea mlango. Na msidhani sina masomo. Nilisoma ngumbaru, yale madarasa ya jioni ya watu wazima, nikiwa na mvi tayari, mpaka popo wa Nyeri nao wakajua hesabu za sehemu. Siku niliyopewa cheti, mke wangu alipiga ngemi, vile vigelegele vyetu, ambazo naambiwa zilisikika Mwea, wakulima wa mpunga wakainua vichwa kutoka majini wakauliza, "Ni nani amezaa?"

Kazi nilifundishwa na Mzee Gachanja, mwenye koti moja la kijivu, mvua na jua. Mtu huyo alikuwa akisikia redio ikikohoa kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini mteja akifika, Gachanja hakuigusa redio. Alivuta kiti, akamuuliza mteja ng'ombe wanaendeleaje, redio hukaa upande gani wa nyumba, nani huiwasha asubuhi. Mimi kando nachemka kama sufuria, nataka kufungua.

"Wewe una haraka ya nini?" angeniambia. "Redio haiharibiki peke yake. Kuna mtu inaishi na yeye."

Wakati huo betri zikiishiwa nguvu tulizianika juani juu ya mabati, nazo zikapata pumzi ya taarifa moja zaidi ya habari. Mnacheka tena. Zilifanya kazi! Basi simu zilipokuja, wazee walizifanyia kile walichokijua. Mama mmoja alianika yake juu ya paa mpaka ikavimba kama mandazi. Wengine walipanda vilima wakainyosha simu kuelekea mlimani, jinsi walivyokuwa wakiinyosha antena. Msiwaite wajinga. Mzee akikosea kwenye simu, mara nyingi anatumia ujuzi wa kitu kilichokuwa hapo kabla ya simu. Muulize ni kitu gani, utapata pa kuanzia.

Kuna mzee wa Mwea ambaye simu yake ilianguka kwenye maji ya mpunga. Wajukuu wakamwambia simu iliyolowa huzikwa ndani ya mchele. Yeye mchele anao wa kulisha wilaya! Akaizika katikati ya gunia, akalishona mdomo, akaenda zake. Mkewe, bila habari, akaliuza gunia. Ile simu ilikauka vizuri sana, nitaisifu mpaka kaburini, ikalia katikati ya soko la Karatina, ndani ya mchele, na kuna mama wa vitunguu ambaye sidhani ameacha kukimbia hadi leo. Mimi kazi yangu ilikuwa kutoa punje moja kwenye tundu la chaji.

Hizo ni za kuchangamsha. Ile ninayotaka mwende nayo nyumbani ni ya Mama Karanja.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Nyeri nzima huishi ndani ya wingu. Ukungu ulikuwa ukiingia bandani kwangu bila hodi, unakaa kwenye benchi kama mteja. Moshi wa kulehemu ukikutana nao, huwezi kujua mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Simu za wazee zilikuwa zimelala kwenye rafu yangu zikingoja zamu, na mara kwa mara moja ingewaka yenyewe ndani ya ule weupe na jina: Kijana Wangu. Wa Mwisho. Mwalimu. Nilikuwa nikihisi watoto wote wa Nyeri waliotawanyika duniani wamesimama nyuma ya rafu yangu, wanabisha.

Katika ukungu huo akatokea Karanja, jirani wa hapo Ruring'u, amemshika mama yake mkono. Mama mdogo, sweta juu ya sweta, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara. Alikuwa ametoka Kangari, alikochuma chai tangu akiwa msichana mpaka magoti yalipokataa vile vilima, mwanawe akamleta mjini akae naye.

"Imenyeshewa," Karanja alisema, akiweka simu mezani. Simu ya kugusa, mpya, lakini kioo kimeingiwa na mvuke kwa ndani.

"Haijanyeshewa," mama akasema. "Nimeitemea mate."

"Mum!"

"Na uji. Nilikuwa nakunywa uji."

Nikavuta kiti. Karanja alitaka aniachie simu akimbilie kazi yake Karatina, lakini mimi ni mtoto wa Gachanja. Nikamuuliza mama ng'ombe wanaendeleaje. Akaniambia ng'ombe aliwaacha Kangari, na kwamba simu hii imetumwa na Muthoni, kitindamimba wake aliye ng'ambo, ili waonane uso kwa uso.

Sasa sikilizeni, kwa maana wengine wenu mmezaliwa juzi. Kwetu, mzazi akimbariki mtoto hutema mate kidogo, kifuani pake au viganjani. Vinyunyu tu, kama umande. Siku hizi wengi wanatosheka na sala ya mchungaji, na Mama Karanja mwenyewe hakukosa ibada, lakini alisema sala ni ya Mungu na mate ni ya mama. Siku Muthoni anasafiri, yeye alikuwa juu kwenye chai. Lori la majani lilichelewa. Aliposhuka barabarani, gari lililombeba Muthoni lilikuwa limeacha vumbi tu.

"Alienda bila mate yangu," aliniambia. "Akazaa mtoto wa kwanza huko, nusura tumpoteze. Sasa yuko na wa pili. Daktari anasema atapasuliwa Ijumaa. Fundi, hawezi kuingia huko tena hivyo hivyo."

Kwa hiyo siku Karanja aliposhika ile simu na uso wa Muthoni ukatokea, unatabasamu, mama hakungoja kusalimiwa. Alimbariki palepale, kwa mdomo uliojaa uji. Uso wa Muthoni ukazimika kama koroboi.

Mama akaisogeza simu kwangu kwa vidole viwili.

"Baraka yangu imekwama humo ndani. Itoe polepole. Usiimwage."

Wanangu, hakuna chuo kinachofundisha jibu la hilo. Niliifungua. Spika ilikuwa imejaa uji, uji mzuri wa wimbi, nadhani na maziwa. Nikasafisha kwa spiriti na mswaki laini, nikapuliza, nikakausha, mama ameinama juu yangu nasikia pumzi yake kwenye sikio. Nilipomaliza akauliza, "Umeiweka wapi?"

Nilikuwa nimeipangusa kwa kitambaa. Nikampa kile kitambaa. Akakikunja, akakiweka kifuani ndani ya sweta. Karanja akatazama dari.

"Lakini, Mama," nikasema, kwa ile sauti yangu ya cheti, "simu ni kama jicho. Haitemewi. Ukiitemea tena, hata mimi sitaweza."

"Sitaitemea. Nimeapa."

Nikafurahi, nikidhani kazi imekwisha. Kumbe nilikuwa nimeweka sufuria tu, moto bado.

Karanja alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni, na Muthoni angepiga Ijumaa mchana kabla ya kuingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Kwa hiyo mama ilibidi ajue kupokea simu. Mwanawe alikuwa amemfundisha kama mnavyowafundisha wenu: "Mum, hapa, hapa, sukuma hii ya kijani, umeona?" halafu anaipokonya, anaisukuma mwenyewe. Mimi nikamwambia Karanja aende kazini, nikampigia mama kwa simu yangu, nikaweka mikono yangu nyuma. Hiyo ni kanuni: mzee akijifunza, mikono yako ifunge nyuma kama mfungwa.

Simu ikalia. Mama akaweka kidole kwenye kile kiduara cha kijani, akasukuma.

Wapi! Akasukuma tena. Simu inalia tu.

Ndipo nikafanya lile nililopaswa kufanya kwanza. Nikamshika mkono. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini na ngumu, kama kifungo cha pembe. Chai ilikuwa imechuma ile mistari yote ya ngozi. Nikamweleza kwamba vioo hivi husikia ule umeme mdogo ulio kwenye ngozi ya mtu, na ngozi ikishakuwa sugu na kukauka, kioo hakisikii kitu.

"Yaani ikiguswa na mti na ikiguswa na mimi, ni sawa?"

"Si hivyo, Mama..."

"Usinibembeleze. Haijui niko hai."

Wiki hiyo alikuja kila siku. Tulijaribu mafuta ya kukamulia ng'ombe. Tulijaribu maji ya moto. Tulijaribu ubavu wa kidole, ambao wakati mwingine husaidia, wekeni akilini. Nilimwambia kuhusu mchonga mawe mmoja wa huku kwetu ambaye mikono yake ilikuwa jiwe tupu, nikamfundisha kupokea kwa pua, akawa anaibusu simu hadharani mpaka mkewe akaja kuniuliza ni nani huyo anayepiga.

"Nimsalimie mtoto wangu na pua?" Mama Karanja akasema. "Ati mimi ni ng'ombe?"

"Basi niruhusu nikufungulie mimi. Ni kusukuma tu."

"Wee! Mtoto anabisha mlango wangu, afunguliwe na jirani? Mkono unaobariki ndio unafungua."

Mara nyingine ilikubali. Alishika kikombe cha chai mpaka vidole vikapata joto, akagusa, ikafunguka, tukapiga kelele kama tumefunga bao pale uwanjani. Kisha ikakataa kutwa nzima. Alipochoka alikaa kwenye benchi, simu mapajani, akaangalia ukungu. Alisema kioo kile kikizimika kinafanana na mto wa kwao Kangari kabla jua halijatoka, ambapo ukiinama unaona mtu lakini humjui ni nani. Siku moja akasema, kama anayeongea na ukungu wenyewe:

"Ijumaa nazaliwa."

Nikaacha kulehemu.

"Msichana wa kwanza wa Muthoni alichukua jina la mama ya bwana. Wamepimwa, huyu wa pili ni msichana. Basi huyu ni mimi. Ni Wairimu." Hilo ndilo lilikuwa jina lake mwenyewe, na ndiyo desturi yetu: bibi huzaliwa tena kwa mjukuu, na mama wa mtoto humwita mtoto huyo maitu, mama yangu. "Ijumaa nazaliwa huko, ng'ambo ya bahari. Na hii simu hapa inasema siko."

Nilimwekea chai nyingine. Nje kulikuwa hakuna Ruring'u, hakuna barabara, banda letu lilikuwa linaelea tu katika weupe, na nikiapa kwamba nilisikia mtoto akilia mahali fulani juu ya wingu mtasema Mzee ameanza. Lakini nilisikia.

Ijumaa ilikuja na baridi ambayo ingeweza kugandisha kiapo. Vidole vya mama vilikuwa vimekauka kuliko siku zote. Nilimwekea jiko la makaa miguuni. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kwenda kanisani, na kile cha uji kilikuwa bado kifuani, niliona ncha yake.

Simu ikalia. Picha ya Muthoni ikajaa kioo.

Mama akasukuma. Ikakataa. Akasukuma kwa ubavu wa kidole, kwa kingine, kwa gumba. Ikalia mpaka ikanyamaza.

"Atapiga tena," nikasema.

Akapiga tena. Mama akasukuma. Nilishindwa. Nikanyosha kidole changu, mimi mwenye kanuni zangu zote, na nikapigwa kofi la mkono ambalo mpaka leo mvua ikinyesha hunikumbusha.

"Toa!"

Ikanyamaza. Nilijua, na yeye alijua, kwamba huko ng'ambo kuna watu waliovaa kijani wanaongoja kukisukuma kitanda cha Muthoni kupita mlango fulani.

Mama akaiweka simu mezani polepole. "Basi," akasema. "Nitafanya kama zamani."

Akasimama, akageukia upande ambao mlima huwa, ingawa siku hiyo haukuwepo. Akainua viganja karibu na mdomo, akavitemea mate, fyu, fyu, vinyunyu tu, akavisugua pamoja, akawa ananong'ona jina la Muthoni na jina lake mwenyewe, moja nyuma ya jingine, mpaka sikuweza kuyatenganisha.

Simu ikalia mara ya tatu.

Aligeuka bila kufikiri. Viganja bado vimelowa, akapitisha kidole juu ya kioo jinsi unavyompangusa mtoto kamasi.

Ikafunguka.

"Maitu!" Muthoni alikuwa amevaa kofia ya hospitali. "Maitu, nilidhani hutashika! Wanakuja kunichukua."

"Wangoje," mama akasema. "Inama."

Muthoni akainama, na sisi tukaona tu kofia ya hospitali imejaa kioo chote. Mama akatema mate kifuani pake mwenyewe, mara moja, mara mbili. "Nimeapa," akaniambia pembeni, bila kunitazama, ndiyo maana hakuyatemea mbele. Kisha akaweka kiganja chake chenye unyevu juu ya ile kofia, kwenye kioo, akamwambia nenda salama, urudi mkiwa wengi. Nikasikia Muthoni analia, na mtu mwingine huko ndani akisema jambo kwa upole, halafu picha ikaondoka.

Mimi nilikuwa nyuma ya banda, natafuta waya. Waya huo sikuuhitaji, lakini niliutafuta kwa bidii sana.

Mmeelewa lakini? Wiki nzima nilikuwa nimepiga dawa marufuku! Ngozi kavu ilikuwa inataka unyevu kidogo tu, na mama alikuwa na unyevu huo mdomoni tangu siku ya kwanza, mimi na cheti changu nikamwapisha asiutumie. Tangu siku hiyo kila mchuma chai aliyefika kwangu nilimwambia: Mama, lamba kidole kwanza. Wakatoka kote, mpaka Kangari yenyewe, na nadhani kiwango cha mate katika vioo vya mlima huu kingeweza kumwagilia Mwea msimu mzima. Nanyi waambieni wenu. Halafu mikono nyuma.

Jumapili, watu wakitoka ibadani, Karanja na mama walinikuta nimefungua banda ingawa siku hiyo huwa silifungui. Nilikuwa nimepita tu hapo kwa bahati, na jiko la makaa nalo lilikuwa limewashwa kwa bahati. Ukungu ulikuwa umepasuka kidogo, na mlima ulikuwa umetoa bega moja nje.

Simu ilipolia, mama alilamba kidole mbele ya waumini wote waliokuwa wakipita, akafungua mlango wake. Muthoni alikuwa kitandani, uso umechoka na unang'aa, na mkononi kulikuwa na kifurushi cheupe.

"Maitu," akakiambia kile kifurushi, "salimia maitu."

Akausogeza ule mkono mdogo kwenye simu yake huko. Ukafunguka, vidole vya mtu ambaye hajawahi kuchuma chochote. Tuliviona vikikua, vikajaa kioo, vya waridi, vikagusa.

Picha ikakatika. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake tukaonekana sisi watatu tumeinama kama watu wanaochungulia mto.

"Aa! Amekata!" Karanja akasema. "Leta nimpigie."

Lakini mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kanisani kikateleza, akanishika mkono kwa vile vidole vyake vya kifungo cha pembe.

"Fundi, umeona?" akasema. "Imenijua."